Kijito Kinachokauka Siku ya Kiu

NENO LA MCHUNGAJI
Masomo: Ayubu 6:14-23 na Ayubu 38:22-23

 

Kabla hamjaendelea na ukurasa huu nawaomba mfungue Biblia na kusoma mistari niliyoitaja hapo juu. Kama nyumbani kwako hakuna Biblia, nenda kwa jirani usome pamoja naye. Itafaa sana, kwa maana neno la mwezi huu ni neno la majirani.

Tunamjua Ayubu. Amepoteza mifugo, amezika watoto, mwili wake umejaa majipu. Rafiki zake wamekuja kumwona, wakakaa naye chini siku saba bila kusema neno. Hapo walifanya vema. Walipofungua kinywa ndipo mambo yalipoharibika. Elifazi amemaliza kusema, na katika sura ya 6 Ayubu anamjibu.

Anasema ndugu zake wamekuwa kama kijito cha jangwani. Wakati wa baridi kijito kile kimejaa, maji yake meusi kwa barafu, theluji imejificha ndani yake. Mtu akikipita siku hiyo atasema moyoni, "Hapa hatutakosa maji kamwe." Lakini jua likipata nguvu, maji yanapungua, yanapungua, mwisho yanatoweka. Ndipo misafara ya Tema na ya Sheba inapokuja. Wanakumbuka kwamba mahali fulani palikuwa na maji. Wanaacha njia, wanaingia jangwani kuyatafuta. Wanafika, wanakuta mchanga. Wanaona haya kwa sababu walikuwa wametumaini.

Tuangalie vizuri, ndugu zangu. Ayubu hakusema kijito kile hakikuwa na maji. Maji yalikuwapo mengi sana, ila yalikuwapo siku ambayo hakuna mwenye kiu. Siku ya kiu hayakuwapo. Hilo ndilo kosa lake lote.

Mfano huu wa barafu inayoyeyuka na watu wanaotegemea maji yake umekuwa habari ya siku zetu, tena habari ya milima ambayo wengi wetu tumekua tukiitazama. Nataka tuzungumze kwanza juu ya milima hiyo, kisha turudi kwa Ayubu.

1. THELUJI YA MILIMA YETU

Wengi mliotoka Beni, Mutwanga, Bulongo na Kasindi mnaifahamu Rwenzori. Asubuhi ambayo mawingu yamefunguka, mtu alitoka nje na kuona weupe kule juu. Wazee wa Kinande, na ndugu zao Wakonzo wa upande wa Uganda, wanaiita theluji hiyo nzururu, na jina la Rwenzururu limetoka hapo. Lakini wako kati yetu waliotoka Masisi, Fizi au Burundi, ambao hawakuiona kamwe. Tena watoto waliozaliwa hapa kambini wameiona katika picha ya shule tu. Kwa hiyo nieleze kidogo.

Rwenzori iko karibu kabisa na ikweta, kwenye mpaka wa Kongo na Uganda. Kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Juu kiasi hicho hewa ni baridi, na mvua huanguka ikiwa theluji. Theluji ya mwaka huu inaikandamiza ya mwaka jana, na ya mwaka jana inaikandamiza ya zamani, mpaka yote inakuwa barafu ngumu, nene, iliyoshika mwamba miaka na miaka.

Mwaka 1906 mwanamfalme mmoja wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipanda milima hiyo pamoja na wapimaji wake na kuchora ramani. Wakati huo barafu ilikuwa juu ya milima sita ya Rwenzori, na eneo lake lilizidi kilomita za mraba 6. Mwaka 2003 wanasayansi walipopima walikuta imebaki chini ya kilomita ya mraba 1, tena katika milima mitatu tu: Stanley, Speke na Baker. Tangu hapo imeendelea kupungua. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu za mwisho za Afrika zinatarajiwa kwisha ifikapo mwaka 2050. Mtoto anayebatizwa mwaka huu hatakuwa amefika miaka thelathini.

Maana yake mtoto huyo, akirudi siku moja katika nchi ya babu zake, anaweza kusimama Mutwanga asubuhi isiyo na wingu na kuona jabali tupu.

2. GHALA LA MUNGU JUU YA MLIMA

Katika Ayubu 38 Bwana mwenyewe anamuuliza Ayubu kama amewahi kuingia katika ghala za theluji. Najua mstari wa 23 unazungumza juu ya siku ya taabu na ya vita, nami sitaki kuulazimisha useme lisilokuwamo. Lakini neno ghala ni neno zuri. Kila mkulima analielewa. Ghala ni mahali pa kuweka kitu siku ya wingi ili kipatikane siku ya upungufu.

Ndivyo barafu ya milimani inavyofanya kazi katika nchi nyingi. Wakati wa mvua inapokea na kuweka. Wakati wa kiangazi inatoa kidogo kidogo, na mto wa bondeni unaendelea kutiririka hata kama mawingu yametoroka. Mvua hutoa siku inapotaka yenyewe, lakini barafu hutoa siku jua linapowaka, yaani siku ambayo mwanadamu ana kiu.

Sasa ghala hilo likianza kuharibika, inatokea jambo linalowadanganya watu. Chukua gunia la mahindi lenye tundu dogo. Kila siku zinaanguka punje chache. Tundu likipanuka, mahindi yanamwagika kwa wingi, na mtoto asiyejua anafurahi: "Mama, leo mahindi ni mengi!" Mama anajua kwamba gunia linakwisha. Vivyo hivyo barafu inapoyeyuka haraka, maji ya mto huongezeka kwa miaka kadhaa. Watu wanalima mashamba mapya, wanajenga karibu na mto, wanamshukuru Mungu kwa neema. Kisha barafu inakuwa ndogo mno, na mto unapungua mwaka hadi mwaka, hasa wakati wa kiangazi. Hii ndiyo miaka ya ng'ombe wanono na ng'ombe waliokonda ambayo Yusufu alimfasiria Farao. Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba wingi wa leo ni ahadi ya kesho.

Mtaniuliza, "Mchungaji, ni wapi jambo hili limetokea?" Twende mbali kidogo, Amerika ya Kusini. Kule Peru kuna safu ya milima inayoitwa Cordillera Blanca, maana yake milima myeupe, na maji yake yanalisha Mto Santa. Wachunguzi waliopima mabonde tisa ya mto huo walieleza mwaka 2012 kwamba saba kati yake yamekwisha kupita kilele cha maji. Wingi umekwenda, upungufu umeanza. Ng'ombe waliokonda wamekwisha kupanda kutoka mtoni.

Jirani yake ni Bolivia. Juu ya mji wa La Paz palikuwa na barafu ya mlima Chacaltaya, ambapo watu walikuwa wakienda kuteleza kwa michezo. Mwaka 2009 ilikwisha yote. Uchunguzi wa miaka ya 1963 hadi 2006 ulionyesha kwamba barafu za milima ile zilikuwa zikiupa mji huo kama asilimia 15 ya maji yake ya mwaka mzima. Mtu atasema asilimia 15 ni kidogo. Lakini katika kiangazi ilikuwa kama asilimia 27, zaidi ya robo. Mwaka 2016 mvua zilipokawia na mabwawa kukauka, serikali ilitangaza hali ya hatari, na mitaa mingi ya La Paz ikapanga mistari ya ndoo kungoja magari ya maji. Sisi tunaojua mstari wa jerikani hatuhitaji kuelezwa zaidi.

3. TUSEME KWELI JUU YA RWENZORI

Hapa inanipasa kuwa mwangalifu, kwa maana mhubiri hana ruhusa ya kusema uongo ili mahubiri yake yapendeze. Nimewasikia watu wakisema, "Theluji ya Rwenzori ikiisha, mito yote itakauka." Sivyo. Wanasayansi waliupima Mto Mubuku unaposhuka chini ya mlima upande wa Uganda, wakakuta kwamba maji yanayotoka katika barafu hayafiki hata asilimia 2, iwe masika, iwe kiangazi. Barafu yetu ilikuwa imekwisha kuwa ndogo mno. Mito ya Rwenzori inaishi kwa mvua, kwa misitu, na kwa vinamasi vya juu ambavyo majani yake mororo yanashika maji kama sponji na kuyaachia polepole.

Je, basi tusiwe na shaka? Hapana. Mambo mawili yatufikirishe.

La kwanza, joto linaloyeyusha barafu haliishii kwenye barafu. Theluji ni kama mtoto mchanga nyumbani: homa ikiingia, yeye ndiye wa kwanza kuonyesha. Joto hilo hilo linavuruga mvua na kukausha uoto.

La pili, katika Rwenzori ghala la maji lililobaki ni msitu na vinamasi, na ghala hilo halilindwi na baridi ya mita 5,000. Linaweza kufikiwa na panga na kiberiti. Mwaka 2012 moto uliunguza sehemu za juu za bonde la Mto Nyamwamba. Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa ilinyesha, na mto ule ukashuka na mawe makubwa juu ya Kilembe na Kasese, ukaua watu na kubomoa nyumba. Mei 2020 mito ilifurika tena, hospitali ya Kilembe ikaharibiwa, wagonjwa wakahamishwa. Mvua ndiyo iliyoleta maji hayo, na mahali ambapo uoto umeungua mlima haushiki tena kama zamani. Mlima usioshika maji unakuwa kijito cha Ayubu: siku ya mvua unaua, siku ya jua unakosa.

4. NI DHAMBI YA NANI?

Wako wanaosema kwamba theluji inaondoka kwa sababu mizimu ya mlima imekasirika. Na wako wengine, hata ndani ya kanisa, wanaosema Mungu anawaadhibu watu wa mlimani kwa dhambi zao. Ndugu, haya ndiyo maneno ya Elifazi. Alimwona mtu anateseka, akaanza kumtafutia kosa. Soma Ayubu 42:7 uone Bwana alivyomkasirikia Elifazi na wenzake wawili.

Barafu inayeyuka kwa sababu hewa ya dunia imepata joto, na joto hilo linatokana hasa na moshi wa makaa ya mawe, petroli na gesi ambavyo mataifa makubwa yamechoma tangu viwanda vilipoanza. Afrika nzima hutoa sehemu ndogo sana ya moshi huo, chini ya asilimia 5 kwa mwaka. Mama wa Mutwanga anayepika kwa kuni tatu hakuyeyusha Margherita. Dhambi ipo, maana ni dhambi kula wewe na kumwachia mwenzako deni. Lakini tusiitafute kwa yule aliye na kiu.

Na wengine wanasema, "Mungu alimwahidi Nuhu kwamba majira hayatakoma, basi tusihangaike." Ahadi ya Mwanzo 8:22 ni kweli, nami ninaitegemea. Lakini Mungu huyo huyo alikuwa amemweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza. Yusufu aliamini neno la Mungu juu ya miaka saba, na kwa kuwa aliamini, alijenga ghala. Hakukaa akiimba huku mahindi yakiliwa.

5. SISI NI KIJITO CHA NAMNA GANI?

Sasa turudi kwa Ayubu, maana hakusema mambo haya ili kufundisha juu ya mito. Alisema juu ya ndugu.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ndugu zake Ayubu walikuwapo siku za karamu. Sura ya 42, mstari wa 11, inaonyesha kwamba walirudi wote, wakala mkate nyumbani mwake, kila mmoja akampa fedha. Lakini angalieni mstari unaotangulia: Bwana alikuwa amekwisha kumrudishia mali. Kijito kilijaa tena baada ya mvua! Siku alipokuwa majivuni, hao watu walikuwa wapi?

Tena soma 6:22-23. Ayubu anauliza: Je, niliwaomba zawadi? Niliwaambia mnikomboe kwa mali zenu? Hakuomba mali. Aliomba mtu wa kusimama naye. Mara ngapi tunakwepa mlango wa mwenzetu tukidhani atatuomba chakula, kumbe angeridhika na mtu wa kuketi naye jioni moja!

Sisi wakimbizi tumekuwa msafara wa Tema. Tumeacha njia, tumetafuta maji mahali tulipotumaini. Wengine waliwapigia ndugu simu, ikaita bila kupokelewa. Miaka hii mgao umepunguzwa, na wengine wameondolewa kabisa katika orodha. Mashirika yanasema fedha hazipo. Wakati vita yetu ilipokuwa habari mpya, misaada ilikuja kama mto wa masika. Leo macho ya dunia yako kwingine. Tunajua uchungu wa kuona haya kwa sababu tulitumaini.

Lakini swali la Neno la Mungu haliishii kwa waliotukaukia. Linatufikia sisi. Mjane wa kijiji cha pili akija kwangu wakati wa njaa, atakuta maji au mchanga? Je, mimi hujaa siku ya harusi na kutoweka siku ya msiba? Je, ninatoa sadaka siku ya wageni, na siku ya kawaida mkono umefungwa?

Bwana Yesu si kijito cha namna hiyo. Alifika kisimani Samaria saa sita mchana, saa ya jua kali, akamkuta mwanamke aliyeepukwa na wenzake, akazungumza naye juu ya maji yasiyokauka. Msalabani yeye mwenyewe aliona kiu, na rafiki zake wengi walikuwa wamekimbia. Anajua jangwa la Ayubu kutoka ndani. Kwa hiyo anaweza kutufanya kuwa watu wasiokauka, hata kama kilichomo mikononi mwetu ni kidogo. Barafu haikuwa kubwa kuliko mvua. Sifa yake ilikuwa kwamba ilitoa siku iliyotakiwa.

6. TUFANYE NINI?

Theluji ya Margherita hatuwezi kuirudisha. Lakini kazi ya ghala twaweza kuifanya, kila mmoja mahali pake. Nawapa mambo manne, nayo si mageni.

Kwanza, tulinde maji yaliyo karibu nasi. Najua kuni ni shida, na mama hawezi kupika kwa mahubiri. Lakini miti ya kandokando ya kijito na ya kwenye chemchemi tusiikate, hata kama iko karibu. Ndiyo sponji yetu. Vijana wa kwaya, kabla ya mvua zijazo chimbeni mashimo, na wazee wa kanisa wawaongoze mahali pa kupanda. Mwenye bati, hata moja, aweke mfereji na pipa. Maji ya mvua moja kubwa ni siku kadhaa bila kwenda kwenye mstari.

Pili, tuweke akiba ya pamoja. Mashemasi wana gunia lao katika chumba cha nyuma cha kanisa. Kila mavuno, kila nyumba ilete bakuli moja la mahindi au maharagwe. Nalisema neno "mavuno" makusudi. Msingoje njaa ndipo mtafute cha kuchanga. Akiba haiozi.

Tatu, pale bombani tuwe Wakristo. Mzee, mama mjamzito, mtoto aliyetumwa peke yake, hao wapite mbele. Mtu asihamishe jerikani ya mwenzake kwa sababu lugha yake ni nyingine. Kanisa linalopigana bombani siku ya Ijumaa lina nini cha kuimba siku ya Jumapili?

Nne, tuishi kwa amani na wenyeji wetu. Hapa nataka mkumbuke ramani. Mvua inayoanguka upande wa magharibi wa Rwenzori inashuka Kongo na kuingia Mto Semuliki. Mvua ya upande wa mashariki inashuka Uganda, kwa Mubuku na mito mingine, mpaka Ziwa George. Kutoka hapo inapita mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward, na maji yanayotoka Ziwa Edward ndiyo Semuliki hiyo hiyo, inayokwenda Ziwa Albert na kuingia Nile. Matone mawili yaliyoachana juu ya kilele, moja likaenda Kongo na moja Uganda, yanakutana tena katika mto mmoja. Mipaka ya serikali ina kazi yake, lakini Mungu hakuyatenga maji. Mwenyeji aliyetugawia shamba na kisima siku tulipofika mikono mitupu alikuwa kwetu maji ya kiangazi. Tusimlipe kwa kukata msitu wake.

Tena tusiwasahau waliobaki. Tangu mauaji yalipoanza kule Beni mwaka 2014, wako ndugu ambao hawajapata pa kukimbilia. Mwenye simu apige, na asiye na pesa ya kutuma atume sala na sauti yake. Ayubu aliomba hilo tu.

Tangu mwaka 2025 Umoja wa Mataifa umeweka tarehe 21 Machi kuwa siku ya kukumbuka barafu za dunia, na kesho yake, tarehe 22, ni siku ya maji. Wazee wa kanisa, tuzitumie siku hizo mbili kila mwaka kwa maombi na kwa kazi ya mikono. Asubuhi tupande na kusafisha chemchemi, jioni tuombe.

Ndugu zangu, jua la kiangazi halituulizi kama tuko tayari. Likiwaka, kila kijito kitajulikana. Bwana atusaidie, ili mwenye kiu akigeuka njiani na kuja kwetu, asirudi akiwa ameona haya.

TUOMBE

Ee Mungu wetu, wewe uliyeweka theluji juu ya jabali na maji chini ya mchanga, tunakushukuru kwa kila jerikani iliyojaa leo. Tunawaombea watu wa chini ya milima, wa Rwenzori, wa Peru na wa Bolivia, ambao ghala zao zinaisha. Uwaguse mioyo wakubwa wa mataifa wanaochoma bila kuhesabu. Utuponye uchungu wa wale waliotukaukia, na utusamehe pale sisi tulipowakaukia wengine. Utufanye akiba yako kwa ajili ya siku ya taabu ya jirani. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika vikundi vya sala:
1. Ni nani alikuwa maji ya kiangazi kwako tangu ulipotoka nyumbani? Umewahi kumshukuru?
2. Katika kijiji chetu, ni nani aliye jangwani mwezi huu, na ni nani atakayemtembelea?
3. Chemchemi au kijito kilicho karibu nasi kiko katika hali gani, na nyumba yetu inaweza kufanya nini kabla ya mvua?

Ni mimi ndugu yenu na mtumishi mwenzenu katika shamba la Bwana,
Mchungaji wenu